Mfilisti sio mshamba

Jamani hili neno sasa linatumika hovyo mpaka linakera. Mtu hakufika mbali shuleni, au katoka kijijini na hajawahi kukanyaga makumbusho, basi wasomi wetu washamwita mfilisti. Hapana, sio hivyo kabisa.

Kwa kifupi, mfilisti ni mtu mwenye uwezo wake, kazi nzuri, anaheshimika mtaani, ila vitabu, sanaa na fikra mpya havimgusi, kila kitu anakipima kwa hela na kwa "watu watasemaje". Basi, maana ndo hiyo. Kinachotaka maelezo ni lilikotoka, maana ukishajua hapo huwezi tena kumrushia maskini.

Wafilisti wenyewe tunawajua kwenye Biblia, Goliathi wa Gathi na wale waliomng'oa Samsoni macho. Lakini tusi halikuzaliwa huko, lilizaliwa Ujerumani, kwenye mji mdogo wa chuo kikuu unaitwa Jena, karne ya 17. Wanafunzi na wenyeji walikuwa hawapikiki chungu kimoja, ngumi zilikuwa jambo la kawaida. Inasimuliwa kwamba kwenye ugomvi mmoja mwanafunzi aliuawa, na mchungaji kwenye mazishi akahubiri kutoka Waamuzi 16, pale Delila anapomwambia Samsoni kwamba Wafilisti wamemjia, yaani wenyeji ndo wakawa Wafilisti. Kisa hicho watu wanakisimulia kwa namna tofauti tofauti, ila matumizi yenyewe hayana ubishi: kwa wanafunzi wa Kijerumani Philister alikuwa mwenyeji wa mji asiye wa chuo, yaani mwenye nyumba anayegonga mlango kudai kodi, mwenye duka aliyeandika jina lako kwenye daftari la madeni. Sasa waangalie hao watu vizuri. Kuna ombaomba hapo? Kuna mkulima? Ni watu wenye chao, wanaolala mapema na kuamka mapema, na kosa lao kubwa kwa hao vijana ni kwamba maisha yao yaliishia hapo. Halafu mwanafunzi mwenyewe akimaliza chuo na kuanza kazi, na yeye anaitwa Philister, na kwenye baadhi ya vyama vya wanafunzi vya huko mpaka leo waliohitimu wanaitwa hivyo.

Baadaye waandishi na wanamuziki wakalichukua. Robert Schumann, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, miaka ya 1830 alijitungia kikundi cha kufikirika cha watu wa Daudi, kazi yao kupambana na Wafilisti wa muziki, wale waliotaka nyimbo nyepesi za kupendeza wageni sebuleni na basi.

Kwa Waingereza aliyelisambaza hasa ni Matthew Arnold, na huyu ndo anamaliza ubishi wote. Arnold alikuwa mshairi lakini pia mkaguzi wa shule kwa miaka 35, kwa hiyo hiyo jamii alikuwa anaiona kwa macho yake, sio ya kuhadithiwa. Kwenye kitabu chake cha 1869 aliigawa Uingereza mafungu matatu. Makabaila wenye ardhi akawaita Washenzi. Wafanyakazi na maskini akawaita Umati. Tabaka la kati, wenye viwanda na biashara, wacha Mungu, watu wa mikutano ya kamati, waliodhani ukubwa wa nchi unaonekana kwenye makaa ya mawe na reli, hao ndo Wafilisti. Umeona? Maskini alikuwa na fungu lake kabisa, na jina lake lilikuwa lingine! Na Arnold alisema wazi kwamba kwa kuzaliwa na yeye ni Mfilisti, hakujitoa.

Kingine kinachoniuma ni hawa Wafilisti wa kweli, kwa sababu wameonewa. Mtu akisikia tusi anadhani walikuwa watu wasiojua kitu. Soma 1 Samweli 13, Waisraeli hawakuwa na mhunzi hata mmoja, ikabidi washuke kwa Wafilisti kunoa majembe na mashoka yao. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vyungu vyao vimechorwa kwa rangi nyeusi na nyekundu, michoro ya kuzungukazunguka, na kuna yule ndege wao kageuza shingo anaangalia nyuma, mchoro umetulia mpaka raha. Ekroni, mmoja wa miji yao, kumepatikana mashine zaidi ya 100 za kukamulia mafuta ya zeituni, huo ni mji uliokuwa unazalisha mafuta kwa wingi kweli. Hawa ndo tumewafanya alama ya kutojua uzuri, kwa sababu tu historia yao iliandikwa na majirani waliopigana nao.

Kwa hiyo ukiwataja wale wa Gathi na Ekroni andika Mfilisti kwa herufi kubwa, ni jina la watu. Ukitaka lile tusi andika kwa herufi ndogo, halafu muangalie kwanza unayemwambia. Kama hajasoma kwa sababu hakupata ada, sema hajasoma, inatosha. Mama wa kijijini anayesuka ukili na kuchagua rangi zipi zikae pamoja kwenye mkeka wake huyo hawezi kuwa mfilisti hata kidogo. Mwenye shahada na gari zuri, ukimuonyesha mkeka huohuo swali lake pekee ni utauzika shilingi ngapi, huyo sawa, mwite.