Plasta ya homoni si dawa dhaifu

Akina mama wengi waliokoma hedhi, Kampala hadi Arua, huamini homoni ya kumeza ndiyo dawa kamili, na ya kubandika ni ya kujaribia tu. Si kweli. Plasta ya mikrogramu 50 kwa siku hutuliza joto la ghafla na jasho la usiku karibu sawa na kidonge cha miligramu 1 cha estradioli, aina ya homoni ya kike iitwayo estrojeni.

Tofauti kubwa iko kwenye ini. Kidonge hupitia huko kwanza, na ini huchochewa kutengeneza zaidi protini za kugandisha damu. Ndipo hatari ya damu kuganda miguuni au mapafuni hupanda. Estrojeni ya plasta au jeli huingia kupitia ngozi, na kwa dozi za kawaida hatari hiyo haijaonekana kuongezeka. Mama mnene, au aliyewahi kuganda damu, namsihi amuulize daktari kuhusu plasta kabla ya kukubali kidonge. Hubandikwa chini ya kitovu au takoni, ngozi ikiwa kavu, isiyopakwa mafuta. Kamwe si kwenye titi.

Mwenye mfuko wa uzazi anahitaji pia projestojeni, homoni nyingine ya kike, ameze au abandike, kwani estrojeni peke yake huongeza hatari ya saratani ya mfuko huo.