Usinianzie na inchi: dhana potofu za kunyanyua gari kwa bajeti ndogo

Wiki hii peke yake wamekuja watu watatu na wote wameanza na swali lile lile, "fundi, inchi nne shilingi ngapi?" Hakuna aliyeniambia gari inaenda wapi, inabeba nini, watu wangapi, siku ngapi za mwezi inazunguka tupu mjini. Mimi nipo Arusha, kazi yangu ni miguu ya gari, yaani shokapu, springi, bushi (zile raba za kwenye maungio), boljoint (kiungo cha kichwa cha mviringo kinachozunguka), na ninazoziona zaidi ni Prado, Hilux, Land Cruiser mkonga na Jimny za hapa na pale. Gari zinazonipa shida sio zile zilizochoka kwa kazi, ni zile ambazo mwenyewe ameshadunduliza hela yake, kanunua vitu, kaja navyo kwenye boksi, na vitu vyenyewe sio vya matumizi yake. Inaniuma kweli maana hela ilikuwepo, imeenda tu kusiko.

Dhana ninayoisikia kila siku: "Chukua springi ngumu kabisa, zile za mzigo mzito, ndo za porini"

Watu wanaichukulia springi kama nguzo ya nyumba, kwamba ikizidi unene imezidi ubora. Springi inachaguliwa kwa kilo jamani. Ukifungua katalogi ya Old Man Emu, Ironman au Dobinsons, wote hao ni wa Australia, utakuta gari moja tu, mfano Prado 120, ina springi za nyuma za aina kadhaa, na kinachozitofautisha ni mzigo ambao gari inaubeba MUDA WOTE. Sio siku ile moja uliyobeba mbao za shemeji. Muda wote maana yake bampa la chuma, winchi, tenti ya juu, tanki la pili la dizeli, vitu ambavyo ukilala vipo na ukiamka vipo. Kilo 200 za kudumu zina springi yake, kilo 400 zina yake, na gari isiyobeba kitu ina yake pia.

Sasa mtu ana Prado ya kwendea kazini, mara moja kwa mwezi anapeleka familia mbugani, ananunua za kilo 400 kwa sababu kaambiwa ndo imara na bei haipishani sana. Hebu tupige hesabu kwa namba rahisi za mfano. Springi ya kawaida tuseme inashuka sentimita 1 kwa kila kilo 20, ile ngumu inashuka sentimita 1 kwa kila kilo 35. Ile ngumu imetengenezwa hivi, ukishaweka kilo 400 juu ya ekseli ya nyuma, yaani 200 kila upande, gari isimame sentimita 5 juu ya kimo cha kiwandani. Kilo 200 gawa kwa 35 unapata karibu sentimita 6. Usipoweka huo mzigo zile 6 hazishuki, kwahiyo gari inasimama sentimita 11 juu. Mwenye gari anafurahi hapo, anaona kalipia inchi mbili kapewa nne na zaidi.

Haya, njoo kwenye shokapu. Tairi ya nyuma inaweza kushuka mpaka pale shokapu inapofika mwisho wa urefu wake, basi. Tuseme toka kiwandani tairi ilikuwa na sentimita 10 za kushuka, shokapu mpya ndefu ikakuongezea 5, jumla 15, lakini gari yenyewe imeshajinyanyua 11, kwahiyo umebakiwa na sentimita 4. Nne tu! Ukiingia korongoni kwa upande mmoja tairi inaning'inia hewani, na difu (ile inayogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili) ya kawaida isiyo na loki inaipa nguvu ile ile tairi inayoning'inia, unabaki umesimama unazungusha upepo, wakati mwenzako mwenye springi za kiwandani anapita taratibu maana tairi zake zote nne zinagusa chini.

Kuna mzee mmoja alikuja na Prado 120 ya hivyo hivyo, katoka Natron kwa njia ya Engaruka. Wanaoijua ile njia wanajua, kuna sehemu barabara imekuwa kama bati, vimatuta vidogo vidogo mfululizo kilomita na kilomita. Mke wake alishuka kwenye gari akiwa ameshika kiuno na hakurudi kukaa ndani tena siku ile. Nikazunguka nyuma nikaona mshikio wa juu wa shokapu ya kulia umeanza ufa, rangi imepasuka kama uzi, ndani ya ufa kutu bado haijaingia, maana yake ni wa safari hiyo hiyo. Nikaweka jeki kwenye chesisi, nikapampu, na kabla ya pampu ya sita tairi ilikuwa imeshaachia sakafu. Nikapima kwa futi, sentimita 4 na kidogo. Nikamuuliza mzee, unabeba nini humu? Madumu mawili ya maji ya lita 20, kibaridi, boksi la spana. Hazifiki kilo 100. Alikuwa anatembea na springi zinazosubiri kilo 300 ambazo hazipo.

Tulizitoa, akamuuzia jamaa mwenye Prado yenye tenti ya juu na droo za mbao ndani, kwake zilikaa kama zilizaliwa pale. Yule mzee akafunga za mzigo mdogo na shokapu zile zile, ule mshikio nikauchomelea na kuuongezea kipande. Ile hela ya kufunga mara mbili ndo inayoniuma mpaka leo, maana angeweza kuuliza kabla ya kununua.

Kwahiyo ukitaka kuchagua vizuri kwa hela kidogo, anza na mizani. Jaza gari kama unavyosafiri kweli, tanki limejaa, watu ndani, nenda kwenye mizani yoyote ya malori ya mazao, omba wakupimie ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, lipia, andika. Kesho yake rudi ikiwa tupu. Hizo namba ndo zinachagua springi, sio mimi wala muuzaji. Kama mizani iko mbali piga hesabu ya kawaida, maji lita moja ni kilo moja, dizeli lita moja ni kama gramu 840, mtu mzima weka 75. Na kama gari inaishi tupu ila mara mojamoja inabeba sana, nunua springi laini halafu ndani yake weka yale maputo ya upepo ya kwenye koili, ukibeba unajaza upepo, ukishusha unapunguza. Hiyo ndo njia ninayoipenda kwa mtu wa bajeti na nitaisema mpaka nichoke.

"Springi mpya zinaongeza uwezo wa gari kubeba"

Hapana. Gari itasimama wima, haitainama nyuma, lakini ekseli ni ile ile, beringi za magurudumu ni zile zile, breki ni zile zile, chesisi ni ile ile. Uzito wa mwisho ulioandikwa na mtengenezaji haubadiliki kwa sababu umebadilisha springi. Nimeona Hilux zimepinda chesisi nyuma ya kebini, na nyuma imesimama vizuri kabisa kwa springi mpya.

"Weka shokapu za kunyanyua gari"

Shokapu hainyanyui gari. Kinachobeba gari ni springi, shokapu kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kurukaruka, inageuza ule mtikisiko kuwa joto. Ndo maana kwenye barabara ya bati shokapu inachemka mpaka huwezi kuishika, oili ndani inatoa povu, na ikishatoa povu haizuii kitu, gari inaanza kuteleza pembeni kwenye kona kama ipo kwenye sabuni. Zenye gesi ya naitrojeni zinachelewa kufika huko. Kwa bajeti ya kawaida mimi nasema chukua ya mirija miwili, nene, ya gesi, ya kampuni inayouza bushi na spea zake hapa hapa nchini. Zile za mrija mmoja ni nzuri, zinapoa haraka, ila jiwe likiubonyeza ule mrija pistoni inakwama na safari imeishia hapo. Na shokapu za mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa naomba tuache. Kuibonyeza kwa mkono dukani ikiwa ya baridi hakukuambii itakuwaje baada ya kilomita 60 za vumbi.

"Spesa zinafanya kazi ile ile kwa robo ya bei"

Hapa nitaenda taratibu kidogo maana wengi wameshafunga. Kwenye gari zenye miguu ya mbele inayojitegemea, Prado kuanzia 90, Hilux Vigo na ndugu zake, shokapu na springi yake zimekaa pamoja katikati ya mkono (chuma kinachoshika tairi kwenye chesisi), sio kwenye tairi. Ukiweka spesa, yaani kipande, cha milimita 25 juu ya shokapu tairi inashuka karibu milimita 50. Watu wanaona ni maajabu, kipande kidogo kimenyanyua sana. Lakini shokapu ni ile ile ya zamani, umeisogeza tu chini, kwahiyo gari ikiruka mkono unashuka chini kuliko ulivyopangiwa, sivijoint (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi ya mbele) inakunjwa kwa pembe ambayo haikutengenezewa, boljoint ya juu inavutwa mpaka mwisho. Mpira wa sivijoint unachanika, grisi inamwagika, vumbi linaingia, na bei ya sivijoint mbili imeshameza ulichookoa. Spesa ninayoikubali ni ile nyembamba ya sentimita moja ya kusawazisha gari inayolalia upande wa dereva. Zaidi ya hapo weka hela pembeni miezi mitatu minne mingine ununue springi na shokapu zinazoendana. Na kwa hizi gari milimita 40 mpaka 50 zinatosha, ukizidi hapo unaanza kununua mikono mipya ya juu na vipande vya kushusha difu ya mbele, bajeti yote kwisha.

"Kaza tosheni baa, ni lifti ya bure"

Lifti hapa ni kunyanyua gari, na tosheni baa ni fimbo ya chuma inayosokotwa badala ya springi, ipo kwenye Land Cruiser 100 na baadhi ya Hilux za kabla ya Vigo. Ukikaza boliti gari inapanda kweli. Springi haijawa ngumu wala bora, umehamisha tu kimo, na kila sentimita uliyopanda umeikata kwenye kushuka kwa tairi. Kidogo sawa, kama gari imelegea kwa umri irudishe kimo chake cha kiwandani. Usizidishe.

"Nikinyanyua gari, difu haitagonga mawe"

Kwa ekseli nzima, kama ya nyuma ya karibu gari zote hizi na ya mbele ya Jimny na mkonga, difu imelala katikati ya tairi mbili na springi iko juu yake. Nyanyua bodi hata mita, difu iko pale pale. Kinachoinyanyua ni tairi tu, na ni nusu ya ongezeko la kipenyo. Kutoka 265/70R16 yenye kipenyo cha milimita kama 777 kwenda 265/75R16 yenye 804, difu inapanda milimita 13, basi. Lifti inakusaidia tumbo la gari, bampa, na nafasi ya tairi kubwa kucheza, na hayo ni mambo ya maana, ila usitegemee kitu ambacho haiwezi.

Na kwa kuwa tumegusa tairi, kama una hela ya kitu kimoja tu mwaka huu nunua tairi nzuri na kipimo cha upepo. Ukiingia vumbi toka PSI 35 shuka 27 hivi, punguza na mwendo, ukifika lami jaza tena. Watu kibao walikuja wanataka lifti, nikawashusha upepo pale pale gereji, wakaenda Manyara wakarudi wakasema gari imekuwa nyingine.

"Ukishafunga umemaliza"

Nenda kwenye alaimenti (kunyoosha matairi) siku hiyo hiyo, sio wiki ijayo, maana ukipanda tu pembe za mbele zimebadilika na tairi mpya inaweza kulika upande ndani ya mwezi. Mkonga, Land Cruiser 80 na Jimny zikipanda usukani unakuwa mwepesi na hautaki kurudi wenyewe katikati, hapo zinahitaji bushi za kurekebisha pembe. Angalia paipu za breki kama zinafika tairi ikiwa imening'inia kabisa. Hilux nyingi zina ile vali ya breki ya nyuma yenye fimbo inayosoma uzito kwa kimo cha gari, ukinyanyua nyuma bila kuirekebisha inadhani gari haina mzigo, inapunguza breki za nyuma, na unakuja kulijua hilo ukiwa unashuka mteremko na mzigo.

Halafu boliti za bushi. Fundi akizikaza gari ikiwa juu ya jeki na miguu inaning'inia, raba inashikwa ikiwa imejikunja, ukishusha gari inabaki imesokotwa siku zote na inachanika mapema, halafu lawama anapewa muuza bushi. Zinaachwa zimelegea, gari inashushwa, inatikiswa mara mbili tatu mpaka itulie, ndo zinakazwa ikiwa imesimama kwa matairi yake. Simama pale uangalie kwa macho yako. Na baada ya kilomita 500 hivi rudi zikaguliwe tena, kwangu hiyo silipishi.