Uyoga wa kichuguuni, radi na mahindi: yale tunayodhani kuhusu kuvu

Mvua za kwanza zikishanyesha, uyoga huchomoza kandokando ya kichuguu, na hapo kila mtu ana maelezo yake. Karibu yote yanatokana na kuangalia kilicho juu ya ardhi tu.

"Radi ndiyo inayoleta uyoga." Kuvu ilikuwapo chini muda wote, ikiwa nyuzi nyembamba zilizosambaa kwenye udongo. Uyoga ni kiungo chake cha uzazi, kinachotoka unyevu ukitosha ili kutawanya spora, yaani vijimbegu vyake. Radi na mvua huja pamoja, basi radi ikapewa sifa isiyo yake.

"Uyoga ni mmea, mboga kama mchicha." Sokoni sawa. Kibiolojia sivyo: hauna klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na haujitengenezei chakula. Kuta za seli zake zina kitini, dutu ngumu ileile inayopatikana kwenye gamba la panzi, na akiba yake ya nguvu ni glaikojeni, kama iliyo kwenye ini lako. Mwaka 1969 mwanabiolojia Robert Whittaker alizipa kuvu himaya yao wenyewe, yaani kundi kuu kando ya mimea na wanyama, na leo tunajua zina undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

"Uyoga umeota kichuguuni kwa bahati tu." Chimbua mmoja polepole bila kuuvunja. Shina halikomi ardhini. Linaendelea kama mzizi mrefu hadi kwenye sega la mchwa. Sega hilo limejengwa kwa kinyesi: vibarua humeza majani makavu na vipande vya miti pamoja na spora, kisha hukirundika kinyesi humo. Kuvu iitwayo Termitomyces huota juu yake na kuvunjavunja sehemu ngumu za mti ambazo mchwa peke yao wangeshindwa nazo. Mchwa hula vinundu vyeupe vinavyoota hapo, na baadaye hula sega lenyewe likishachakaa. Si mchwa wote wanaolima hivi, ila hawa wanaolima hawawezi kuishi bila kuvu yao, wala kuvu hiyo bila wao. Kilimo hiki ni cha kale mno: katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, yamepatikana masega yaliyogeuka jiwe yenye umri wa miaka milioni 25. Kutegemea mchwa huko ndiko kunakofanya uyoga mamama, usiohitaji mchwa, ulimwe kwenye mifuko mwaka mzima, ilhali huu wa kichuguuni tunausubiri msimu.

"Ukiliwa na konokono au wadudu, hauna sumu. Na ukichemshwa sana, sumu huisha." Imani hizi zinaua. Konokono anaweza kula uyoga unaomuua binadamu. Sumu za baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita haziondoki kwa kuchemsha wala kukausha. Kuhara na kutapika huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha mgonjwa hupata nafuu, watu wakashukuru, kumbe ini linaharibika. Asisubiriwe nyumbani. Uyoga mwingi wa jamii hiyo una kikombe chini ya shina, udongoni, kwa hiyo anayekata kwa kisu juu juu anaiacha alama ya hatari shambani. Hata hivyo kukosa kikombe si cheti cha usalama. Upo wa sumu usio nacho.

"Nimechambua mahindi yenye ukungu, yaliyobaki ni salama." Kuchambua kunapunguza hatari, hakuimalizi. Sumukuvu inayotokana na kuvu Aspergillus flavus haionekani kwa macho, na moto wa ugali hauiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, zikiwemo wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si udongoni, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13 au chini yake.

"Basi dawa ni kuua kuvu zote shambani." Hapa mimi huwa nafurahi kidogo. Moja ya kinga zinazotumika Kenya na Tanzania ni Aspergillus flavus hiyohiyo, ila ya aina isiyotengeneza sumu. Hupakwa kwenye punje za mtama zilizouliwa zisiote, zikamwagwa shambani wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa mbelewele, ili iwahi nafasi ya ndugu yake mwenye sumu. Kuanika kuko palepale.