Kwa nini mgonjwa wa saratani ya titi hupimwa moyo

"Ninaumwa titi, moyo mnaupima wa nini?" Wagonjwa walioandikiwa dawa ya trastuzumab huuliza hivyo wanapotumwa kupiga eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla ya dripu ya kwanza. Wana haki ya kuuliza, na jibu linaanzia mbali, tumboni mwa mama.

Seli za mwili hazijigawi ovyo. Husubiri ujumbe, na ujumbe huo huletwa na protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kichocheo hakiingii ndani ya seli. Hupiga hodi nje, kwenye kipokezi. Kipokezi nacho ni protini iliyopenya utando wa seli, upande mmoja umechomoza nje, mwingine uko ndani. Kikishashikwa huungana na mwenzake, upande wa ndani ukaamsha protini nyingine moja baada ya moja, mpaka taarifa ifike kwenye kiini. Hapo seli hujigawa, au huhama, au hukomaa, au hupata tu ruhusa ya kuendelea kuishi.

Stanley Cohen, mwanabiokemia wa Marekani, alikutana na jambo hili kwa watoto wa panya. Aliwadunga dondoo la tezi za mate za panya wakubwa, nao wakafumbua macho wakiwa na siku 6 au 7 badala ya 12 hadi 14, na meno yakaota mapema. Protini iliyofanya kazi hiyo aliitangaza mwaka 1962. Leo inaitwa EGF, nayo ni kimojawapo cha vichocheo vya ukuaji. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia, aliyegundua kichocheo cha ukuaji wa neva.

Kipokezi cha EGF kina ndugu watatu, na mmoja wao ni HER2. Huyu ana tabia ya pekee: hajulikani kuwa na kichocheo chake mwenyewe. Hukaa tayari muda wote, ndugu zake wakiitwa huungana nao na kuupa ujumbe nguvu. Moyo wa kiinitete unapojengwa, seli za utando wa ndani hutoa kichocheo kiitwacho nyuregulini; seli za misuli hukipokea kwa HER4, ndugu mwingine, iliyoungana na HER2, na mihimili ya misuli huanza kuota ndani ya moyo. Mwaka 1995 watafiti waliondoa jeni ya HER2 kwa panya. Mihimili hiyo haikujengeka, na viinitete vikafa katikati ya mimba. Hata utu uzimani moyo huitegemea njia hii unapoelemewa.

Sasa turudi kwenye titi. Jeni ya HER2 iko kwenye kromosomu ya 17, na seli ya kawaida ina nakala mbili. Katika saratani za matiti takribani 15 hadi 20 kati ya 100, nakala hizo zimeongezeka, vipokezi vimesongamana juu ya seli, na vinaungana vyenyewe kwa vyenyewe bila hodi yoyote. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kuwa saratani ya namna hii hurudi haraka na kuua mapema. Trastuzumab ni kingamwili iliyotengenezwa kukamata upande wa nje wa HER2. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu.

Lakini dawa haibagui HER2 ya uvimbe na ile ya moyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 27 kati ya 100 waliopewa trastuzumab sambamba na dawa za saratani za kundi la doksorubisini walipata hitilafu ya moyo. Ndiyo maana siku hizi kwa kawaida hazitolewi kwa pamoja, na eko hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Moyo ukipungua nguvu, dripu husimamishwa, na kwa wagonjwa wengi nguvu hurejea. Ukiona pumzi inakatika unapolala chali au miguu inavimba, usisubiri tarehe ya kliniki.

Upande wetu wa patholojia, tunaopima ugonjwa maabara, kila kitu kinategemea kile kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikichelewa, majibu yanaweza kudanganya, kwa hiyo ndugu aliyekabidhiwa kichupa akilete maabara siku hiyo hiyo. Chini ya hadubini tunatafuta rangi ya kahawia iliyozunguka seli. Alama 3+ maana yake HER2 ni nyingi. 2+ inahitaji kipimo cha pili cha kuhesabu nakala za jeni. 0 na 1+ huhesabiwa kuwa hasi, na trastuzumab si dawa yake.

Karatasi ya majibu isipokuwa na mstari wa HER2, muulize daktari kabla ya kuanza dawa. Kinyama kilichokwisha kupimwa huhifadhiwa ndani ya vibonge vya nta, na mara nyingi kipimo kinaweza kufanywa kwa hicho hicho, bila mgonjwa kukatwa tena.