Apophis ndani ya programu ya anga: duaradufu moja haitoshi

Mtu akiniuliza aanze na asteroidi gani anapojifunza kuongeza miamba halisi katika programu ya kuigiza anga, humwambia aanze na Apophis. Vesta, asteroidi nyingine, ni rahisi zaidi: unaandika mistari michache, unafungua programu, na mwamba unazunguka Jua bila tabu. Apophis itakukatalia mara tatu, na kila inapokukatalia utajifunza jambo ambalo Vesta haitakuonyesha.

Magazeti mengi huiita kimondo. Kimondo ni kile kinachowaka kikipita katika angahewa yetu. Apophis ni asteroidi, mwamba wenye kipenyo cha wastani cha mita 340 hivi, uliogunduliwa tarehe 19 Juni 2004 kutoka Kitt Peak, Arizona, na Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi. Desemba ya mwaka huohuo hesabu za awali ziliupandisha hadi daraja la 4 katika kipimo cha hatari ya kugongwa cha Torino, kinachoanzia 0 hadi 10, daraja ambalo asteroidi nyingine yoyote haijalifikia. Uchunguzi uliofuata uliondoa hofu ya mwaka 2029, na vipimo vya rada vya Machi 2021 vikaonyesha kwamba hautaigonga Dunia kwa angalau miaka 100. Kilichobaki ni miadi: tarehe 13 Aprili 2029 utapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini ya setilaiti za mawasiliano zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta.

Miadi hiyo ndiyo mtihani wangu. Asteroidi ya kawaida ukiikosea kwa kilomita milioni mbili, picha bado itapendeza na hakuna atakayegutuka. Apophis ukiikosea hivyo, usiku wa tarehe 13 Aprili 2029 hutaiona karibu na Dunia kabisa.

Mimi hutumia Celestia, ila mantiki ni ileile kwenye programu nyingine. Unaandika faili la maandishi lenye kiendelezi cha .ssc na kuliweka ndani ya folda ya extras. Njia ya asteroidi inaelezwa kwa namba sita, ambazo utazipata kwenye hifadhidata ya miamba midogo ya JPL, maabara ya NASA. Mbili zinaeleza umbo la duaradufu: nusu ya mhimili mrefu, ambayo kwa Apophis ni kama 0.922 ya umbali wa Dunia na Jua, na kipimo cha jinsi duaradufu ilivyobonyea, 0.191. Tatu zinaeleza jinsi duaradufu hiyo ilivyolala angani: mwinamo wa digrii 3.3, pembe ya mahali inapovuka bapa la njia ya Dunia ikipanda kaskazini, karibu digrii 204, na pembe ya kutoka hapo hadi sehemu iliyo karibu zaidi na Jua, karibu digrii 127. Ya sita, anomali ya wastani, inasema mwamba umefika wapi katika mzunguko wake.

Umefika wapi lini? Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, na hapo ndipo Apophis iliponikatalia mara ya kwanza. Namba hizo zote ni za siku moja tu, inayoitwa epoki. Hifadhidata inaweza kukupa namba za epoki 2461000.5, yaani 21 Novemba 2025 kwa hesabu ya siku za Julian. Usipoandika mstari wa Epoch, Celestia itachukulia kwamba namba ni za adhuhuri ya tarehe 1 Januari 2000. Haitalalamika. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 9,455.5, nayo Apophis huzunguka Jua kwa siku 323.6 hivi, kwa hiyo imezunguka mara 29 na zaidi ya moja ya tano ya mzunguko. Unabaki na duaradufu sahihi kabisa, yenye mwamba uliokosewa kwa karibu digrii 80. Nimeona faili nyingi za namna hiyo zikipitishwa mkono kwa mkono kwa miaka, kwa sababu mstari wa njia ukiwa sawa jicho linaridhika.

Kipindi cha mzunguko nacho programu haikihesabu yenyewe, ni wewe unayekiandika. Kikague kwa kanuni ya Kepler: 0.922 ukiipandisha kipeo cha 1.5 unapata miaka 0.885. Kama ulichoandika hakikaribiani na hapo, umenakili safu isiyo yake, au umeandika siku mahali pa miaka.

Basi tuseme umeandika kila kitu sawasawa. Sogeza saa hadi tarehe 13 Aprili 2029. Apophis itafika jirani na Dunia, lakini haitapita mahali pake, na baada ya hapo itaendelea kwenye duaradufu ileile kama kwamba haijakutana na chochote. Huku ndiko kukataa kwa pili, na ndiko ninakokupenda zaidi, kwa kuwa hakuna tarakimu ya kusahihisha. Namba sita hudhani kwamba mwamba unavutwa na Jua peke yake. Siku ile Dunia itaupinda. Mzunguko wake utarefuka kutoka siku 324 hadi zaidi ya siku 400, na nusu ya mhimili wake mrefu itavuka 1, yaani umbali wa Dunia na Jua, kwa hiyo utatoka katika kundi la Aten, la asteroidi zilizo chini ya kiwango hicho, na kuingia katika kundi la Apollo, la zilizo juu yake. Hakuna duaradufu moja inayoweza kubeba maisha hayo mawili.

Dawa yake ni kuigawa njia kwa awamu, na Celestia inaruhusu hivyo kwa kutumia Timeline. Awamu ya kwanza ni duaradufu ya zamani kuzunguka Jua. Ya pili ni jedwali la mahali mwamba ulipo kila baada ya muda fulani, likihesabiwa kutoka katikati ya Dunia. Ya tatu ni duaradufu mpya, yenye epoki ya baada ya kukutana. Jedwali unalipata kwenye mfumo wa Horizons wa JPL, ambao huhesabu mvuto wa Jua na sayari zote kwa pamoja.

Kuwa makini na hatua za jedwali. Ukichukua nukta moja kwa siku, mwamba unakuwa umesogea takriban kilomita 500,000 kati ya nukta na nukta ukilinganisha na Dunia, kupita umbali wa Mwezi. Programu itaunganisha nukta hizo kwa mkunjo wake yenyewe, na tukio zima litapotea katikati. Mimi huchukua nukta kila dakika 10 kwa siku ile na siku zinazoipakana, kisha kila saa kwa siku zilizobaki. Hakikisha pia bapa la rejea ni la njia ya Dunia, si la ikweta, maana tofauti yake ni digrii 23.4. Na angalia saa: majedwali ya Horizons ya aina hii hutumia saa ya TDB, ambayo imetangulia saa ya kimataifa ya UTC kwa sekunde 69 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 7.4 kwa sekunde, sekunde hizo ni kilomita 500.

Kukataa kwa tatu ni kwa umbo na mzunguko wa mwamba wenyewe. Rada ilionyesha kitu kirefu, chenye urefu wa takriban mita 450 na upana wa mita 170. Ukiweka modeli ya umbo, Celestia huinyoosha au kuipunguza mpaka nusu ya upande wake mrefu ilingane na radiasi uliyoandika, kwa hiyo andika kilomita 0.225. Ukiandika 0.17 kwa kufuata kipenyo cha wastani, utakuwa umeudumaza mwamba kwa robo.

Halafu Apophis haizunguki kama pia. Inapinduka: mhimili wake mrefu unayumba na kukamilisha duru kwa saa 27.4, huku mwamba ukijiviringisha kuzunguka mhimili huo kwa saa 263. Mwanga wake hupanda na kushuka kwa kufuata muda wa saa 30.6, unaotokana na hizo mbili kwa pamoja. Wengi huchukua 30.6, wakauandika kama mzunguko wa kawaida, wakaondoka. Kwa kuutazama kutoka mbali hilo halinisumbui. Kwa kuusogelea, nahesabu mielekeo yake mmojammoja na kuiandika katika jedwali lake, kazi ya jioni nzima.

Ukimaliza, simama ndani ya programu juu ya uso wa Dunia, Ulaya, Afrika au Asia ya magharibi, ambako mwamba utaonekana kwa macho matupu. Weka saa tarehe 13 Aprili 2029, uanze jioni. Utaona nukta hafifu ikitambaa kati ya nyota. Saa 21:46 za UTC soma umbali kutoka katikati ya Dunia. Kama unasoma kilomita 38,000, awamu zako zimeungana. Kama unasoma 60,000, rudi kwenye jedwali, na uanze kwa kukagua saa.