Mtoto akigoma titi, mleteni kabla hajakatwa kimeo

Wiki ya Unyonyeshaji Duniani huadhimishwa kila mwaka tarehe 1 hadi 7 Agosti. Sisi wa kitengo cha utengamao, kinachosaidia viungo na misuli kufanya kazi yake, tunaitumia wiki hiyo kusema jambo linaloturudia kliniki: mtoto wa wiki chache anagoma titi moja, analia jioni nzima, na kabla hajafika kwetu ameshanyooshwa viungo, ameshapewa dawa ya chango, na wengine wameshakatwa kimeo.

Mtoto anayekubali titi la kushoto na kugoma la kulia, mara nyingi maziwa hayana kosa. Msuli wa shingo umekaza upande mmoja, pengine kwa namna alivyojikunja tumboni, na kugeuza kichwa kunamshinda. Hapo muuguzi na mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, humwona pamoja. Muuguzi humfundisha mama kumpakata mtoto chini ya kwapa, ili alifikie titi lile bila kupinda shingo, na huangalia kama mdomo umefunguka vizuri na kidevu kimegusa titi. Mfiziotherapia humwonyesha mama jinsi ya kuigeuza shingo taratibu, na kumwita mtoto akiwa upande ule asioupenda. Akiwa macho, alazwe kifudifudi, hata kifuani kwa mama. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo.

Utulivu nao una tiba yake, nayo haiuzwi dukani. Mtoto aliyevuliwa nguo, amebaki na nepi na kofia, akawekwa ngozi kwa ngozi kifuani, hupata joto, hupumua kwa mpangilio na hutafuta titi mwenyewe. Malezi haya ya ngozi kwa ngozi, yaitwayo malezi ya kangaroo, yalianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa uhaba wa mashine za kutunzia njiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kuwa kuyaanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa takriban robo. Akina baba, vifua vyenu pia vinafaa.

Hatupingi kumkanda mtoto. Mikono yenye joto, mafuta kidogo, mguso mwepesi, na kuacha pale anapogeuza uso au kulia: hivyo ni sawa kwa mtoto mwenye afya. Tunachopinga ni kumning'iniza kwa miguu, kumvuta mikono na kumbonyeza utosi. Utosi uliobonyea ni dalili ya kuishiwa maji mwilini, na dawa ya kupaka utosini hairudishi maji. Tumelirudia hili mara nyingi mno, na bado tunapokea watoto wenye utosi uliopakwa dawa na midomo mikavu.

Kimeo hakizuii kunyonya. Kukikata kunaleta damu, maambukizi na hata pepopunda. Udata, yaani ulimi ulioshikwa na utando kwa chini, ni jambo jingine: upo kweli, lakini hukatwa na daktari tu, baada ya mtoto kutazamwa akinyonya na kuonekana kuwa ulimi ndio unaomkwamisha.

Anayemtendea mtoto mila inayodhuru mwili wake anavunja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kusema "ndivyo tulivyolelewa" hakumwondolei mtu kosa.

Utaratibu ni huu. Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mkiwa na kadi ya kliniki ya mtoto. Ombeni barua ya rufaa, na kabla ya kuondoka hakikisheni ina jina la mtoto, umri, uzito wa siku hiyo, sababu ya rufaa, sahihi na mhuri. Barua isiyo na mhuri hurudishwa, nanyi mnapoteza siku. Kwa sera ya msamaha, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi katika vituo vya umma. Mtoto mwenye homa, degedege, anayepumua kwa shida au aliyeacha kunyonya kabisa hasubiri barua: apelekwe moja kwa moja.

Mkija, njooni na bibi anayemkanda mtoto. Atakaa karibu na kitanda, tutamwonyesha shingo ilipokaza, naye atajaribu kwa mikono yake tukiwa naye hapo hapo.