Sauti ya hewa haithibitishi kwamba sonda iko tumboni

Kwa mara nyingine tena, kwenye zamu ya usiku hapa Bukavu, nimeambiwa: "Nimepuliza hewa, nimesikia tumbo linanguruma, sonda iko vizuri. Tumpe uji." Hapana. Msimpe kitu. Bado hamjajua sonda, yaani mrija wa kulishia unaopitia puani, iko wapi.

Kuiweka mnajua, sitakawia hapo: mgonjwa akae kitako kama anaweza, pima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi chembe ya moyo, tia alama, lainisha ncha, sukuma anapomeza. Akishindwa kupumua au akibadilika rangi, itoe mara moja. Taabu inaanza pale sonda imeshabandikwa plasta puani na kila mtu anataka kuamini kwamba kazi imekwisha.

Sauti ya hewa inasafiri. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto na tumbo la chakula vimetenganishwa na kiwambo tu, msuli mwembamba. Ncha ya sonda ikiwa imeingia kwenye bronki, njia ya hewa ya pafu, nawe ukapuliza hewa kwa seringi, stetoskopu uliyoiweka juu ya tumbo inaweza kukuletea mlio uleule. Ikiwa imeishia kwenye umio, mlio uleule. Uzoefu hausaidii hapa. Sikio la muuguzi mkongwe linadanganyika kama la mwanafunzi. Uingereza iliwaambia wauguzi wake mwaka 2005 waiache kabisa njia hii, kwa sababu watu walikuwa wanakufa kwa chakula kilichomiminwa kwenye mapafu. Sisi bado tunarithishana kitandani kwa mgonjwa, mkubwa kwa mdogo.

"Lakini hakukohoa." Mgonjwa wa kiharusi, au aliye kwenye koma, sonda inaweza kumwingia mapafuni asikohoe hata kidogo. Na hao ndio hasa tunaowawekea sonda! Wengine wanatumbukiza mwisho wa sonda kwenye kikombe cha maji wakitafuta mapovu. Hiyo nayo si dalili. Tumboni pia mna hewa.

Kinachosema kweli ni majimaji. Vuta taratibu kwa seringi, dondosha kwenye karatasi ya pH, inayoonyesha ukali wa asidi; ya tumboni ni kali, namba yake iko chini. Ikisoma 5.5 au chini yake, endelea. Usipopata kitu, mlaze kwa ubavu wa kushoto, ngoja robo saa au nusu saa, sogeza sonda kidogo, vuta tena. Usipitishe maji ya kusafisha kabla hujahakikisha. Ikikataa, picha ya radio, yaani eksirei.

Sasa niseme lile ambalo vitabu vinalipita haraka. Mgonjwa anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, au aliyetoka kunywa maziwa, anaweza kutoa 6 ilhali sonda iko tumboni barabara, na majimaji ya mapafu nayo yanaweza kutoa 6. Aliyelishwa namsubiri kama saa nzima ndipo nipime. Wa omeprazoli namtakia radio, na radio inataka umeme. Mtu mzima nitamwekea glukozi ya mshipa, asubiri kupambazuke. Mtoto mwenye utapiamlo mkali je? F-75 yake, maziwa ya tiba, ni kila baada ya saa mbili au tatu, sukari inashuka upesi, na seramu ya mshipa inaweza kuulemea moyo wake. Hapo sina jibu ninaloliamini moja kwa moja. Nikivuta majimaji ya kijani, au maziwa yaliyoganda, nashawishika kuendelea, ila wasiwasi haunitoki, na namwita daktari tuamue pamoja.

Tena kipimo ni kabla ya kila mlo. Mgonjwa akitapika au akikohoa sana, sonda inaweza kuhama huku plasta imetulia puani. Tazama alama, vuta, pima, andika sentimita na pH kwenye fishi ya mgonjwa. Mama aliyesimama pembeni na termosi ya uji wa sosoma atalalamika kwamba unapoa. Mwelezeni mnapima nini na kwa nini. Nimeona akina mama walioelezwa vizuri wakimuuliza muuguzi wa zamu inayofuata: "Karatasi iko wapi?"